BABA, MOSHI WAKO UNAMFIKIA MTOTO TUMBONI

Mwezi huu tunaongea na mama wajawazito, lakini zaidi na akina baba na wote wanaoishi nao nyumba moja.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kumsalimia kaka yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, wote tumejibanza ndani, mlango umefungwa. Kaka akawasha sigara. Shemeji, mwenye mimba ya miezi sita, akajifunika pua kwa kitenge, asiseme neno. Nilipomwambia kaka, akacheka: "Mwalimu, anayevuta ni mimi, siyo yeye." Jibu hilo wengi wetu tunalitoa. Je, ni kweli?

MOSHI UNAFIKAJE KWA MTOTO?

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa pua. Chakula na oksijeni anavipata kutoka kwenye damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Basi moshi ukiingia kwenye mapafu ya mama, sumu yake inaingia kwenye damu, na mtoto naye anapata fungu lake.

Moshi wa tumbako una kemikali zaidi ya 7,000. Tuzijue mbili tu. Nikotini inabana mishipa ya damu, kwa hiyo chakula na oksijeni vinavyomfikia mtoto vinapungua. Ya pili ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama darasani: mgeni akikalia dawati, mwanafunzi anabaki amesimama.

MADHARA YAKE

Hatari hizi zinaongezeka:
1. Mimba kutoka, au mtoto kufia tumboni.
2. Mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37.
3. Mtoto kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Huyo anashikwa na baridi na magonjwa upesi.
4. Akizaliwa na kuendelea kuishi kwenye moshi: kichomi, pumu, maumivu ya masikio, hata kufa ghafla usingizini.

Lakini tusinyoosheane vidole. Mama aliyepoteza mtoto asilaumiwe, maana malaria na upungufu wa damu pia vinaleta mambo hayo. Moshi ni mzigo juu ya mizigo tuliyo nayo.

MANENO YA MTAANI

"Mtoto akiwa mdogo, kuzaa ni rahisi." Hapana. Mtoto dhaifu anateseka, na mama anateseka naye.

"Mimi natumia ugoro tu." Nikotini ni ileile.

"Nimefungua dirisha." Moshi hautoki wote.

"Nimechelewa, mimba ni kubwa." Kuacha mapema ni bora zaidi, lakini wakati wowote ukiacha inasaidia.

TUFANYE NINI?

Baba, bora uache kabisa. Siku za kwanza hamu inasumbua sana, lakini baada ya wiki chache inapungua. Hamu ikija, kunywa maji, shika kazi ya mikono, ongea na mtu. Hesabu pia unga wa posho uliouzwa kwa ajili ya sigara. Ukishindwa, vutia nje, mbali na mlango, hata usiku, hata mvua ikinyesha. Mgeni naye aambiwe hivyohivyo.

Mama, kama unavuta au unatafuna tumbako, sema kliniki bila aibu. Kama unaogopa kumwambia mume, omba mama mkwe, mzee mnayemheshimu au mhamasishaji wa afya akusaidie kuongea naye.

Moshi wa kuni nao una kaboni monoksaidi. Tupikie mahali penye hewa, kwa kuni zilizokauka.

Kaka yangu bado hajaacha. Ila ameweka jiwe lake nyuma ya nyumba, hapo ndipo anapovutia, na mvua ikinyesha anajifunika kipande cha shitingi. Majirani wanamcheka. Shemeji amebakiza wiki chache ajifungue, na sasa kitenge chake hakifuniki pua tena. Na mimi kila nikipita pale kwenye jiwe, namuuliza kaka: "Leo zimebaki ngapi?"