Mtaro Usiokuwemo Kwenye Ramani

Masika yakikaribia Dar es Salaam, mkazi wa Tandale haulizi kama maji yataingia ndani. Anauliza yataanzia kwa nani. Jibu analo mjumbe wa shina, analo mama anayechoma maandazi kibarazani, na hata watoto wanalo. Waliokuwa hawana ni wale wenye jukumu la kuzibua mitaro, maana mingi ya mitaro hiyo haikuwa imechorwa popote.

Tandale ilianza kuchorwa na wakazi wake pamoja na wanafunzi mwaka 2011. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo kwenye kata nyingi za jiji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia vichochoroni na wenyeji, wakiwa na karatasi, vifaa vya GPS na simu za kawaida za Android. Walipima mtaro una upana gani, una kina gani, umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, na umezibwa na nini. Baadaye walikaa na wajumbe ili wawaonyeshe shina lao linaishia wapi, jambo ambalo hakuna setilaiti inayoweza kuliona.

Wengi huniuliza: kazi hiyo si inakula bando? Haili. GPS iliyomo kwenye simu husikiliza tu, haitumi kitu. Setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu hutangaza wakati wote saa zao na mahali zilipo. Simu ikizisikia nne, inapiga hesabu na kujua imesimama wapi. Uwanjani hukosea kwa mita chache. Kichochoroni mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na simu inaweza kukuambia umesimama sebuleni kwa jirani. Ndiyo maana mchoraji mzuri huangalia pia picha za angani, kisha hupiga hodi na kuuliza.

Yote hayo huishia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Inaitwa ramani huria, na hapa Kiswahili kinatupunguzia kazi. Waingereza wana neno moja, “free”, linalobeba maana mbili, kwa hiyo hulazimika kueleza kila mara kwamba hawazungumzii bei. Sisi tuna bure na tuna huria. Ramani za makampuni makubwa unazitumia bure kwenye simu yako, lakini huria sizo: ukiwatajia jina la njia yenu, wanalichukua, na ukitaka kupakua takwimu za mtaa wako mzima ili uzipeleke kwenye kikao cha mtaa, huruhusiwi. Leseni ya OpenStreetMap inaruhusu yeyote kupakua, kusahihisha na kutumia, mradi ataje chanzo, na atakayeiboresha hazina hiyo ya takwimu na kuitoa hadharani aiache wazi kwa wengine. Mfadhili akiondoka, mitaro iliyochorwa inabaki. Sisi tuliozoea miradi inayofungasha hadi meza tunalijua hilo lina thamani gani.

Vijana wa Kibera, Nairobi, walitangulia. Mwaka 2009 makazi yao yalikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Wakayajaza wenyewe, wakiweka vyoo, shule, zahanati na vituo vya maji. Anayedai maji akiwa na orodha ya vituo vilivyopo na mahali vilipo hajibiwi sawa na anayedai kwa mdomo.

Mfano unaonigusa zaidi uko Serengeti, mkoani Mara. Tangu 2015, wanaojitolea kupitia Crowd2Map wamekuwa wakichora nyumba na njia za vijijini kwa kuangalia picha za setilaiti, huku wenyeji wakiongeza majina kwa simu zao, ili waokoaji wawafikie wasichana wanaokimbia kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haijui njia ya kufika kijijini usiku wa Desemba, wakati shule zimefungwa na msimu wa ukeketaji umeanza. Mwokoaji aliyeambiwa “pita mwembe mkubwa, kisha kata kushoto” anaweza kuchelewa kwa saa nzima.

Hapohapo ndipo penye hatari, na wapenzi wa teknolojia hatupendi kuisema. Ramani iliyo wazi kwa mwokoaji iko wazi kwa anayemsaka msichana. Taarifa za wanaokimbia hazipaswi hata siku moja kuwekwa humo. Zijazwe kwenye fomu za programu kama ODK, ambayo hufanya kazi bila mtandao na kutuma kwenye seva mnayoisimamia wenyewe. Programu ikiwa huria, siyo lazima kilichomo ndani yake kiwe huria. Wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, nao wana haki ya kuwa na wasiwasi: mwishoni mwa 2015 nyumba zao zilipigwa alama ya X nyekundu, kisha tingatinga likaja. Sisemi ramani ndiyo iliyolileta. Nasema kabla hujachora nyumba ya mtu, mweleze nani ataiona.

Ukitaka kujaribu, tafuta mahali penye Wi-Fi, weka kwenye simu programu ya Organic Maps au OsmAnd, kisha pakua ramani ya nchi mara moja. Baada ya hapo utatembea nayo bila mtandao. Ongeza na StreetComplete, ambayo hukuuliza maswali mafupi ukiwa umesimama barabarani, na ukijibu, ramani inasahihishwa. Jana iliniuliza kama barabara ya kwetu ina lami. Nilibonyeza hapana, nikakunja suruali, nikavuka.