Wastani Peke Yake Hautoshi

Mara nyingi tunasikia: "Darasa la asubuhi limelishinda la jioni." Je, tunajuaje?

Tuseme kila darasa lina watu 5. Katika jaribio, wa asubuhi wamepata alama 5, 5, 6, 7 na 7. Jumla 30. Gawa kwa 5, unapata 6. Hiyo 6 ndiyo wastani. Wa jioni wamepata 1, 2, 8, 9 na 10. Jumla 30 vile vile, wastani 6.

Haya, yako sawa? Hata kidogo! Kule jioni watu wawili wameachwa nyuma. Bado wanasomewa barua zao na wengine, na wastani umewaficha. Basi tazama pia alama ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Liko jambo jingine, tena kubwa zaidi. Nani wameingia darasa lipi? Kama asubuhi wanakuja wale waliowahi kusoma utotoni, usimsifu mwalimu upesi.

Huko Marekani, katika jimbo la Tennessee, walitaka kujua kama darasa dogo linawasaidia watoto. Walianza mwaka 1985, katika shule 79. Watoto hawakuchaguliwa, walipangwa kwa kura ya bahati. Wengine waliingia madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Walimu nao walipangwa hivyo hivyo. Kwa hiyo wepesi na wazito wa kuelewa walitawanyika pande zote. Baada ya miaka minne, wastani wa madarasa madogo ulikuwa juu zaidi, katika kusoma na katika hesabu.