Antena ya Uzi na Jasho la Tanga

Kabla ya ving'amuzi kuingia sebuleni, nyumba nyingi za Tanga zilikuwa na mtoto mwenye kazi maalumu saa mbili usiku. Kazi yake ilikuwa kushika antena ya televisheni. Akiishika, picha inatulia; akiiachia, chenga zinarudi. "Baki hapo hapo, usisogee!" anaambiwa, naye anabaki amenyoosha mkono mpaka taarifa ya habari iishe.

Mtoto yule alikuwa amegeuka sehemu ya antena. Mwili wa mtu mzima ni maji kwa takribani asilimia 60, na maji yenyewe yana chumvi. Wimbi la redio likiukuta mwili haliupiti kama linavyopita hewani: sehemu hugonga na kurudi, sehemu humezwa na kuwa joto. Sebuleni jambo hilo lilisaidia. Kwa mhandisi anayebuni nguo yenye vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, pumzi au mapigo ya moyo na kutuma vipimo kwenye simu bila waya, hiyo ndiyo tabu kubwa kuliko zote.

Nguo za namna hiyo zimeshashonwa Afrika Mashariki. Uganda, vijana wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Makerere, Olivia Koburongo na Brian Turyabagye, walibuni koti la kusaidia kutambua nimonia kwa watoto. Wazo lilitokana na msiba: bibi yake Koburongo aliugua, akahamishwa hospitali hadi hospitali kabla ya ugonjwa kujulikana kuwa ni nimonia, na akafariki. Koti wakaliita Mama-Ope, yaani tumaini la mama. Mtoto huvishwa, vihisi vilivyomo hupima joto, kasi ya kupumua na sauti ya mapafu, kisha taarifa husafiri kwa Bluetooth hadi kwenye simu ya mhudumu wa afya. Mwaka 2017 koti hilo liliingia katika orodha ya washindani wa Tuzo ya Afrika inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza.

Watu wakisimulia koti kama hilo hutaja vihisi na programu ya simu. Antena haitajwi, ingawa ikishindwa hiyo, vihisi vinabaki kama mtu anayesema peke yake chumbani.

Bluetooth hutumia masafa ya gigahetsi 2.4. Wimbi lake likiwa hewani lina urefu wa sentimita 12 na kidogo, na antena iliyo rahisi kuliko zote hukatwa nusu ya hapo, sentimita 6, karibu urefu wa kidole cha shahada. Lakini ndani ya msuli wimbi hilo hilo hupunguza mwendo takribani mara 7, na urefu wake unashuka chini ya sentimita 2. Kwa hiyo antena iliyopimwa vizuri juu ya meza, ikilazwa kifuani, hujikuta imekuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Inapoteza masafa yake, na sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kwenye nyama badala ya kutoka nje.

Hapo wasomaji wengine watauliza kuhusu usalama, maana tanuri la maikrowevu nalo hutumia masafa hayo hayo. Tofauti ni nguvu. Tanuri la nyumbani hutoa wati 800 hivi. Kifaa kidogo cha Bluetooth hutoa milliwati 1 hadi 2.5, chini yake zaidi ya mara laki tatu. Miongozo ya kimataifa inataka mwili wa raia wa kawaida, kichwani na kiwiliwilini, usipokee zaidi ya wati 2 kwa kilo, zikipimwa kwa wastani wa gramu 10 za mwili. Koti lenye milliwati chache liko mbali na mpaka huo.

Namna mwili unavyokinga mawimbi, msomaji anaweza kuiona mwenyewe. Achukue simu na spika ndogo ya Bluetooth, aende mahali peupe kama viwanja vya Tangamano. Simu aiweke kwenye mfuko wa shati, spika ashike mwenzake aliyesimama hatua kumi na tano mbele yake. Wakitazamana, muziki unakwenda. Ageuke ampe mgongo, asogee kidogo kidogo, na muda si mrefu muziki utaanza kukatika: kifua na mgongo vimekuwa ukuta. Jaribio hilo hilo chumbani mara nyingi halifanikiwi, kwa sababu mawimbi hugonga kuta na dari yakazunguka. Ndiyo maana koti linaloonekana zuri ndani ya maabara laweza kuaibika ufukweni Raskazone, au kwenye ngalawa.

Watengenezaji wa vizibao vya wanasoka wanalijua hilo. Kizibao kinachovaliwa chini ya jezi, chenye kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti ili kupima mbio za mchezaji, huwa na mfuko wake mgongoni, kati ya mabega. Pale kifaa kinaona anga muda mwingi wa mchezo, hata mchezaji anapoinama, na mikono haikifuniki. Kuchagua mahali pa kukaa antena ni nusu ya kazi ya kuibuni.

Nusu ya pili ni umbo, na umbo linalopendwa ni kama andazi la tabaka tatu. Juu kuna kiraka cha kitambaa kinachopitisha umeme, cha pembe nne, kila upande sentimita 5 hivi. Katikati kuna kitambaa kinene kisichopitisha umeme, kama manyoya yaliyoshindiliwa, unene wa milimita chache. Chini, upande wa ngozi, kuna kitambaa kingine kinachopitisha umeme, kikubwa kuliko kile cha juu. Hicho cha chini ndicho kinachookoa jahazi: hukinga mawimbi yasiingie mwilini, yakaelekea nje yanakohitajika. Gharama yake ni kwamba antena hiyo huwa na masafa membamba. Ikipotoka kidogo tu, imetoka nje ya Bluetooth.

Na pwani ya Tanga ni mahali pa kuipotosha.

Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Sasa fikiria Pangani au Kigombe alfajiri ya masika, unyevu umepita asilimia 80, kisha mtoto mwenye homa, analia, anatoka jasho, amebanwa kifuani mwa mama yake. Jasho linaingia kwenye lile tabaka la katikati. Maji hupunguza mwendo wa wimbi kwa karibu mara 9, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinatosha kuyashusha masafa ya antena.

Wapigaji ngoma wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Ngoma iliyolala nje kwenye umande hulegea ngozi, sauti ikashuka, na kabla ya kuchezwa lazima ioteshwe moto mpaka irudi. Antena ya kitambaa iliyolowa nayo hushuka sauti vivyo hivyo, ila masikio yetu hayaisikii na hakuna wa kuiotesha moto wakati muuguzi anasubiri kipimo. Mbunifu inabidi ajihami mapema: achague poliesta au sponji badala ya pamba, alifunike tabaka la katikati kwa utando usiopitisha maji, na aikate antena iwe na masafa mapana kidogo ili hata ikishuka ibaki ndani. Chumvi nayo ina lake. Nyuzi zilizopakwa fedha huchakaa kwa jasho, na kuchakaa kunazidi kwa sabuni ya unga na kufikichwa kwenye beseni, yaani ufuaji wa kila nyumba.

Lipo jambo moja hapa ambalo pwani inalo tayari, nalo ni mkono wa kutarizi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, John Volakis na Asimina Kiourti, walionyesha kuwa antena inaweza kutariziwa kwa cherehani ya mezani, kwa uzi wenye unene wa milimita 0.1 uliosukwa kwa nyuzi saba za shaba zilizopakwa fedha, na mchoro ukatoka kwa usahihi wa milimita 0.1. Mwenye kuitazama kofia ya viua kwa karibu, ile midundo ya tundu kwa tundu inayolingana duara nzima, ataona kuwa subira inayotakiwa ni ile ile. Lakini antena ina masharti yake. Mishono isongamane, maana pengo kati ya uzi na uzi ni kikwazo kwa umeme, na ielekezwe kule umeme unakokimbilia. Fundi cherehani wa Ngamiani akielezwa hilo, atalishika haraka kuliko mhandisi atakavyojifunza kushona.

Mfano mwingine wa vazi linalotuma taarifa bila waya uko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku. Maarufu zaidi ni Magawa, aliyetunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini Cambodia. Kundi jingine hufunzwa kutafuta watu waliofukiwa na kifusi. Hao huvaa kizibao chenye kamera, kipaza sauti na kifaa cha kutuma taarifa ya mahali walipo, kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. Panya akimfikia mtu, huvuta swichi ndogo iliyo kwenye kizibao. Mvaaji ana uzito wa kilo moja na ushei, anatambaa kati ya zege na nondo, na bado redio lazima isikike nje. Kizibao hicho hujaribiwa na mvaaji mwenyewe, kwenye kifusi cha mazoezi, papo hapo Morogoro.

Koti la mtoto linastahili heshima hiyo hiyo. Vyuo vyetu vya ufundi havihitaji maabara ya mabilioni kuanza: umajimaji unaotumika kuiga mwili wa mtu kwenye vipimo vya redio hutengenezwa kwa viungo ambavyo maji, sukari na chumvi ni miongoni mwake. Walimu wa umeme wakae meza moja na mafundi cherehani, washone kiraka, wakilaze juu ya ndoo ya maji hayo, wakiloweshe, wakifue mara hamsini, wakipime tena. Na nguo yoyote yenye vihisi itakayoletwa Hospitali ya Bombo au kwenye zahanati za Pangani na Mkinga, muuzaji aulizwe swali moja kabla ya kulipwa: imepimwa ikiwa imelowa jasho, au ilipimwa kavu?