Masultani Wangapi Humo?

"Ngoja kwanza," shangazi akasema, kijiko cha mbaazi kimeishia njiani. "Huyu Mahidevran naye ni sultan? Humo ndani mna masultani wangapi?"

Tulikuwa tunatazama "Sultan", ile tamthilia ya Kituruki ambayo Azam TV waliitia sauti za Kiswahili. Sisi wa pwani sultani tunamjua: mwanamume, kilemba, jumba linalotazama bahari. Waosmani walilipachika neno hilo mwisho wa jina la binti wa mfalme pia, kwa hiyo Hatice, dada yake mfalme Suleiman, anastahili. Mahidevran hakustahili. Alikuwa suria aliyemzalia mfalme, na cheo chake ni hatun. Shangazi alilinusa kosa bila kufungua kitabu.

Yapo makosa ya kuchekesha tu. Mwaka 2014 picha ya kutangaza Downton Abbey, hadithi ya Uingereza ya 1924, ilitoka na chupa ya maji ya plastiki imetulia juu ya meko, nyuma ya Hugh Bonneville. Waigizaji wakapiga picha nyingine, kila mtu na chupa yake, kulipigia debe shirika la WaterAid. Na mwigizaji Meryem Uzerli alipoiacha "Sultan" mwaka 2013, Hürrem, mke wa Suleiman, akarudi na sura ya Vahide Perçin. Tulipofika hapo, shangazi alifyonya siku mbili, kisha akamzoea.

Kinachonikera mimi ni kosa lisiloonekana, lile ambalo ukilichomoa hadithi nzima inaporomoka. Suleiman alipotawazwa 1520, wanawake wake hawakuishi naye kwenye jumba la Topkapı. Walikaa Jumba la Kale, pale Beyazıt penye Chuo Kikuu cha Istanbul leo. Hürrem alihamia kwa mumewe miaka mingi baadaye. Kwenye runinga wamo Topkapı tangu mwanzo. Mwandishi angefanyaje? Wanawake wakiwa mtaa mwingine, Hatice angeisikia wapi fidla ya Ibrahim, waziri wa Suleiman, mpaka ampende? Na ndoa yao yenyewe ina mushkeli: mwanahistoria Ebru Turan alipozifuatilia nyaraka, mke wa Ibrahim aliyemkuta humo anaitwa Muhsine.

Recep Tayyip Erdoğan, akiwa waziri mkuu mwaka 2012, aliikaripia tamthilia hii hadharani. Suleiman, alisema, alimaliza miaka 30 juu ya farasi, si jumbani. Naye alitia chumvi. Suleiman alikwenda vitani mwenyewe mara 13 katika utawala wa miaka 46, ingawa safari ya mwisho ndiyo iliyomchukua, akafia hemani Szigetvár mwaka 1566. Lakini vita ni ghali kuigiza. Farasi wanakula, makochi hayali.

Nikamsimulia shangazi habari za Muhsine.

"Muhsine ndiye nani?" Hata hakunigeukia. "Hebu nyamaza, mwanangu. Hatice analia."