Mashine Ikisema "Ngoja"

Chini ya kioo cha mashine ya kukata chuma kwa kompyuta (CNC) yenye kidhibiti cha Fanuc humetameta herufi tatu: LSK. Maana yake mashine iko tayari kupokea programu, inasubiri mwisho wa mstari wa kwanza ndipo ianze kuisoma. Zikiendelea kumetameta ilhali kompyuta inadai imeshamaliza kutuma, ujue pande mbili hazisikilizani.

Mazungumzo hayo hupita kwenye waya wa RS-232, kiwango kilichotolewa Marekani mwaka 1960. Wapo wanaokiona kimepitwa na wakati. Mimi nakiheshimu, kwa sababu mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 bado zinakereza chuma kwa usahihi mkubwa, na huo ndio mlango wake wa kupokelea programu.

Data hupita biti moja baada ya nyingine. Mpangilio uliozoeleka ni kasi ya biti 4800 kwa sekunde, biti 7 za data, biti moja ya pariti ya shufwa (inayofanya idadi ya 1 katika herufi iwe shufwa) na biti 2 za kufungia. Ongeza moja ya kuanzia: kila herufi inakula biti 11, kwa hiyo kwa sekunde zinapita herufi 436 tu. Pariti hiyo ni urithi wa utepe wa karatasi wa msimbo wa ISO, ambao kila safu yake ilitobolewa matundu ya idadi shufwa. Alama ya % inayofungua na kufunga programu imetoka hukohuko.

Pariti inalinda, lakini si kwa kila kosa. Biti moja ikigeuka njiani, mashine inagundua. Zikigeuka mbili ndani ya herufi moja, idadi inabaki shufwa na kosa linapita. Tazama tarakimu 1, yaani 0110001, na 2, yaani 0110010: zinatofautiana kwa biti mbili tu. Kelele za umeme kutoka kwenye mota zikiugusa waya, Z-1.0 yaweza kuwa Z-2.0, na kifaa cha kukatia kikashuka milimita moja zaidi bila alamu yoyote. Ndiyo maana nawasihi mafundi: programu ikishaingia, itume tena kwenye kompyuta, ulinganishe mafaili mawili kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza.

Mpaka hapo tumesema juu ya kutuma. Kunyamaza ndiko kunakosumbua zaidi. Hifadhi ya muda ya kidhibiti ikikaribia kujaa, chenyewe hutuma herufi namba 19, yaani "ngoja". Nafasi ikipatikana hutuma namba 17, "endelea". Baada ya "ngoja" kinavumilia herufi 10 hivi. Zikizidi, kinakataa kwa alamu 087.

Alamu hiyo ilinikalisha karakanani karibu siku nzima. Nilikagua waya, nikalehemu upya pini ya 2 na ya 3, nikapunguza kasi hadi 1200, wapi! Kosa lilikuwa kwenye adapta ya USB. Kompyuta ilikuwa inaimwagia herufi kwa mafungu, kwa hiyo hata "ngoja" ilipofika, adapta ilikuwa bado na shehena mkononi, ikaendelea kuishusha. Nilizima mashine, nikachomoa adapta, nikaleta kompyuta ya zamani yenye tundu lake la RS-232. LSK ikametameta kidogo, ikapotea, na mistari ikaingia yote mpaka % ya mwisho.