Maumivu ya Saratani: Dawa Ipo, Usiiogope

Katika vijiji vyetu vya Singida tumezoea kumwambia mgonjwa wa saratani, "Vumilia mama, huo ndio msalaba wako." Maneno hayo hutoka moyoni kwa upendo. Lakini mara nyingi humwacha mama wa watu akilia usiku kucha, na kumbe dawa ya kumtuliza ipo.

Dawa hiyo ni mofini. Wengi wakisikia jina hilo hushtuka, kwa sababu hutokana na mmea wa afyuni, na heroini inayowaharibu vijana wetu asili yake ni huko huko. Katika kuwatembelea wagonjwa nyumbani nimekuta chupa imefungiwa sandukuni, mgonjwa akipewa dawa pale tu anapopiga kelele. Ndugu zake wanaogopa asije akawa teja, au dawa ikamharakisha kaburini.

Utafiti unasemaje?

Huko London, Mkristo mmoja aitwaye Cicely Saunders, aliyeanza kazi kama muuguzi na baadaye akasomea udaktari, alilishughulikia jambo hili. Kuanzia mwaka 1958, katika nyumba ya wagonjwa ya St Joseph's iliyohudumiwa na masista, aliandika kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Aliona kwamba waliokunywa mofini kwa saa maalum, kabla maumivu hayajarudi, walitulia na kuweza kuzungumza na jamaa zao, na uraibu haukuwa tatizo kwao. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kufuata njia hiyo: dawa inywewe, itolewe kwa saa, na ipandishwe hatua kwa hatua, kuanzia zile za kawaida kama Panadol hadi mofini.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako mofini ya unga huchanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Hapa kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam inaitumia. Hospitali za KKKT nazo, kwa mfano wa Selian kule Arusha, zimekuwa zikiwafuata wagonjwa hadi majumbani. Huduma hiyo huitwa tiba shufaa.

Ubaya wa dawa hizi uko katika matumizi. Kisu kinachoua mtu ndicho hicho hicho kinachomwokoa mzazi mtoto anaposhindwa kutoka. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapa waathirika wa heroini methadoni, dawa ya ukoo huo huo. Huinywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa kipimo, nao huweza kuachana na sindano za kuchangia zinazoeneza UKIMWI.

Ukiuguza nyumbani

Mpe mgonjwa dawa kwa saa aliyoandika daktari. Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4; dozi ya usiku utaelekezwa. Usingoje alie, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tumia kipimo ulichopewa hospitali, si kijiko cha jikoni. Usiongeze wala kupunguza dozi kwa hiari yako. Kama maumivu hayatulii, rudi kwa daktari.

Siku za kwanza anaweza kusinzia au kupata kichefuchefu. Mara nyingi hupungua. Kufunga choo hakuishi, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo, na umpe maji ya kutosha na papai.

Akilala fofofo asiamshike, au akipumua polepole mno, usimpe dozi nyingine. Mkimbize hospitali mara moja.

Asiiache ghafla, maana mwili huwa umeizoea. Huko si kuwa teja; daktari ataipunguza taratibu.

Ifungie mbali na watoto, na kamwe usimgawie mtu mwingine hata kama anaumwa. Inayobaki irudishwe hospitali.

Mofini haiponyi saratani. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, awahi kupimwa mlango wa kizazi. Lakini hata pale uponyaji usipowezekana, bado kuna la kufanya. Msamaria Mwema hakumhubiria yule majeruhi uvumilivu. Alimwagia mafuta na divai kwenye majeraha, akamfunga, akamtunza. Basi, dada, ukimpeleka mgonjwa wako hospitali, muulize daktari waziwazi: "Maumivu haya mtamtulizaje?" Ukisha kumpa dawa, keti naye mwombe pamoja. Aliyetulia huweza kuomba, kuaga na kubariki watoto wake.