Kuchunguza Kazi za Ratiba na Mipaka ya Watumiaji Katika Seva

Utangulizi

Katika vyuo na shule kadhaa, alama za wanafunzi huhifadhiwa katika seva, yaani kompyuta moja inayowahudumia watumiaji wengi. Seva ikitumia Linux, kazi za kujirudia, kama vile kunakili alama kila usiku, hukabidhiwa programu iitwayo kroni. Programu hiyo ilikuwamo katika Unix Toleo la 7 la mwaka 1979. Toleo la Paul Vixie la mwaka 1987 ndilo lililoenea sana.

Kazi ya usiku ina hatari moja: ikishindikana, hakuna anayeiona. Mwalimu aweza kuamini kwa miezi mingi kwamba nakala za alama zipo, na siku diski itakapoharibika akakuta kabrasha tupu. Alama za mtoto zikipotea hivyo hazirudi. Kwa hiyo mwalimu hana budi kujua kuchunguza kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: Je, kazi ilianza?

Usibadili chochote kabla ya kujibu swali hili. Amri ya "crontab -l" huonyesha ratiba yako. Daftari la matukio la seva nalo huonyesha kila kazi iliyoanzishwa na saa yake. Kama kazi haimo daftarini, chunguza ratiba. Kama imo, ilianza lakini ikakwama njiani. Basi nenda hatua ya tatu.

Hatua ya pili: Kusoma ratiba

Kila mstari wa ratiba una nafasi tano mbele ya amri: dakika (0 hadi 59), saa (0 hadi 23), tarehe (1 hadi 31), mwezi (1 hadi 12) na siku ya juma (0 hadi 7, 0 na 7 zote ni Jumapili). Nyota maana yake ni "kila".

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili hujikwaa kwa urahisi. Sisi huhesabu saa tangu mapambazuko na machweo. Mashine huhesabu tangu saa sita usiku. Saa nane usiku huandikwa 2, na saa mbili usiku huandikwa 20. Vilevile, katika neno Jumatano tunasikia tano, lakini kwa kroni siku hiyo ni 3, kwa kuwa hesabu yetu ya siku huanzia Jumamosi.

Basi "0 2 * * 5" ni saa nane kamili, usiku wa kuamkia Ijumaa. Lakini kama seva imewekwa kwenye saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, kazi hiyo itaanza saa kumi na moja alfajiri. Tena, ukitaja tarehe na siku ya juma pamoja, kazi hutendeka mojawapo inapotimia: "0 2 13 * 5" ni kila tarehe 13 na pia kila Ijumaa.

Hatua ya tatu: Mazingira ya kazi

Amri yaweza kufaulu ukiiandika kwa mkono na kushindwa usiku. Sababu ni kwamba kroni hairithi mazingira yako. Mara nyingi hutafuta programu katika /usr/bin na /bin tu. Andika njia kamili ya kila programu na faili. Kisha ongeza mwishoni mwa mstari ">> /tmp/jaribio.txt 2>&1", ili matokeo na makosa yaandikwe katika faili utakayoisoma asubuhi.

Hatua ya nne: Mipaka ya mtumiaji

Mtumiaji aweza kuwekewa mpaka wa programu anazoendesha, faili anazofungua, kumbukumbu na nafasi ya diski. Upo mpaka laini, ambao mtumiaji aweza kuupandisha mpaka afikie mpaka mgumu. Na mpaka mgumu hupandishwa na msimamizi peke yake. Amri ya "ulimit -a" huonyesha mipaka mingi, ila mgao wa diski huonyeshwa na amri ya "quota". Kwa kuwa mipaka ya kazi ya kroni yaweza kutofautiana na unayoiona ukiwa kazini, weka "ulimit -a" ndani ya kazi yenyewe kwa usiku mmoja.

Usiharakishe kuomba mpaka upandishwe. Huenda kazi ya jana haijamalizika na ya leo imekwisha kuanza, zikarundikana. Hapo mpaka unawalinda wengine, kama mgao wa chaki unavyozuia darasa moja kumaliza boksi zima.

Kufundisha darasani

Somo hili laweza kufundishwa bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja awe kroni, akiwa na saa ya ukutani na kadi za ratiba. Wengine watende kazi zilizoandikwa. Tia kosa katika kadi moja. Wasisahihishe mpaka waseme kama kazi ilianza, na wabadili jambo moja tu kila mara.

Hitimisho

Kazi kuonekana daftarini si ushahidi kwamba imefaulu. Nakala ya alama huaminika pale tu ilipofunguliwa na kulinganishwa na asili yake. Fanya hivyo angalau mara moja kila muhula.

Mazoezi

1. Andika nafasi tano za kazi ya kila Jumanne, saa nne na nusu usiku.
2. Kazi imo daftarini lakini faili ya nakala ni tupu. Taja mambo mawili utakayochunguza kwanza, na ueleze kwa nini.